Vidole Vitatu Juu ya Fundo

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Watu wakisikia hivyo hunitazama tumbo kwanza, labda nina mimba, kisha wananitazama usoni, labda nimefukuzwa. Sina mimba na sikufukuzwa. Masikio yangu yamekufa, na jopo la madaktari liliamua kwamba muuguzi asiyesikia hawezi kufundisha wagonjwa. Nimebishana na majopo mengi. Hilo sikubishana nalo.

Nawaandikia ninyi wawili mnaokaa sasa katika kile chumba cha mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, katika hospitali yetu hapa Nyeri. Vyeo sitavieleza, na mshahara mnaujua. Nitaeleza kazi yenyewe, yaani kukaa na mtu ambaye kesho atapasuliwa saratani na kumwambia atakavyokuwa akiamka. Nitaeleza pia habari za Mama Wachira. Kwa muda mrefu sikujua kama nilimsaidia au nilimpotezea jioni yake, na kutojua huko ndiko kulikonitoa nyumbani mwezi uliopita.

Nilifika kutoka chuo kikuu na shahada ya uuguzi na mazoea ya kuuliza ushahidi uko wapi. Sista Nyawira, aliyekuwa msimamizi wa wodi ya upasuaji, alinifungulia chumba hicho. Kilikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa na mguu uliolegea.

"Hicho kibovu ni chako," aliniambia. "Mgonjwa haanguki siku moja kabla ya operesheni."

Kisha akatoa kwenye droo kitu cha sufi nyekundu, cha mviringo, chenye tundu katikati, akaniwekea kiganjani. Alikifuma mwenyewe.

Ninyi mnajua kilikuwa nini, lakini naeleza kwa ajili ya watu wa nyumbani kwenu watakaosoma hapa bila ruhusa. Wagonjwa wetu wengi walikuwa na saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na njia ya haja kubwa. Daktari akiikata sehemu hiyo, utumbo unaobaki huvutwa nje kupitia ngozi ya tumbo na kushonewa hapo, ukawa mdomo mdogo mwekundu. Choo hutokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa juu yake. Wodini kila mtu aliuita kamdomo.

"Mtu akishika hii kwa mkono, haitamtisha sana akiiona kwa mwili yake," Nyawira alisema.

"Kuna utafiti unaosema hivyo?"

"Kuna wagonjwa wanasema."

"Wangapi?"

"Wairimu, keti."

Niliketi. Kiti kiliyumba.

Chombo cha pili kilikuwa uji. Jioni ya kabla ya upasuaji tulimbandika mgonjwa mfuko, tukautia uji mwepesi wa wimbi, akalala nao. Wazo lilikuwa kwamba aamke akiwa amejua uzito wake, joto lake, jinsi unavyosogea akigeuka kitandani. Wengine walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee mmoja wa Kagio aliuliza kama anaweza kuongezewa sukari. Jikoni waliniita Sista wa Uji, na jina hilo liliniganda hata kwenye sherehe ya kuniaga, ambapo mpishi mkuu alinipa sufuria. Sikujua nicheke au vipi.

Chombo cha tatu kilikuwa kalamu ya wino usiofutika upesi. Kabla ya upasuaji lazima mtu achore tumboni mahali kamdomo kitakapokaa, maana mgonjwa akishalala chali mezani, tumbo linakuwa tambarare na linamdanganya daktari. Mikunjo yote inapotea. Kamdomo kikiwekwa ndani ya mkunjo, mfuko unabanduka kila mgonjwa anapoketi, na mtu ambaye mfuko wake unabanduka haendi kanisani, haendi sokoni, haendi popote.

Kilichonishinda kuelewa ni kwamba nasi tulichora mgonjwa akiwa amelala kitandani, kisha tunamketisha kidogo kuhakikisha. Niliuliza kwa nini. Niliambiwa ndivyo inavyofanywa. Jibu hilo lilinikosesha usingizi mara nyingi kuliko saratani yenyewe.

Aliyelijibu swali langu alikuwa Mzee Adan, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki. Nilimchora kama nilivyofundishwa, akaitazama ile alama na kutikisa kichwa.

"Mimi ndiye hupaka ng'ombe rangi wakishanunuliwa," alisema. "Leo nimenunuliwa mimi."

"Alama inakuudhi, mzee?"

"Haijaniudhi. Lakini saa ya swala imefika. Nisubiri, binti yangu."

Alitandika shuka la hospitali sakafuni, akaswali pale pale. Nami, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilitazama tumbo lake kama fundi anavyotazama mlango ukifunguliwa na kufungwa. Aliinama, alisujudu, aliketi juu ya miguu yake. Kila alipoinama, alama yangu ilimezwa na mkunjo. Mtu huyu angefanya hivyo mara tano kwa siku maisha yake yote, na mimi nilikuwa karibu kumharibia kila mara.

Alipomaliza nilifuta alama kwa spiriti na kumwomba arudie miendo yote, polepole. Tulipata mahali pazuri juu kidogo. Kuhusu kama swala yake ingekubaliwa akiwa amevaa mfuko, nilimwambia sijui, amuulize imamu wake. Alimpigia simu, wakaongea kwa muda mrefu, akakata simu akiwa ametulia kuliko nilivyoweza kumtuliza kwa picha na sufi zangu.

Tangu siku hiyo sikumchora mtu kabla hajafanya kazi yake mbele yangu. Mwalimu aliandika ubaoni, dereva aliketi kama aliyeshika usukani, na mama wa mpunga kutoka Mwea aliinama pale chumbani kana kwamba maji yamemfika magotini. Nyawira alipita akachungulia mlangoni.

"Hapa ni hospitali ama ni drama ya shule?"

"Ni ushahidi," nilimwambia.

Alienda zake. Wiki iliyofuata alileta jembe la nyumbani kwake, akaliegemeza pembeni ya kabati.

Kuna jambo ambalo hamtaambiwa siku ya kwanza, basi niliseme mimi. Wagonjwa wenu hawatawasalimu. Watawashika mkono jioni ile, watawaita binti na mami, watawaeleza mambo ambayo hawajamweleza mume wala mchungaji. Wakishapona watavuka barabara wakiwaona. Pale Gatitu ninapoishi palikuwa na mama niliyenunua nyanya kwake kila Jumamosi. Alipasuliwa, nikamfundisha vizuri, akarudi kwenye meza yake. Jumamosi ya kwanza alinipimia nyanya akitazama mizani tu. Ya pili alimwita binti yake anihudumie. Ya tatu nilianza kununua nyanya kwingine, kwa sababu nilielewa. Katika soko lote, mimi ndiye niliyejua kilichokuwa chini ya leso yake. Mtu hapendi siri yake ije na kikapu kuuliza bei.

Usiku nilipika chakula cha mtu mmoja, nikala nikisoma makala za utafiti kuhusu mafunzo kabla ya upasuaji. Nilitaka zinithibitishie kwamba ninachofanya kina maana. Zilisema wasiwasi wa wagonjwa hupungua. Zilipimaje wasiwasi? Kwa kuwauliza. Na wagonjwa wetu, mkiwauliza, wote hujibu tuko salama, Mungu ni mwema.

Basi akaja Mama Wachira.

Alitoka juu ya Kerugoya, kwenye mashamba ya majani chai, mjane mwembamba mwenye vidole vyeusi kwa utomvu. Aliketi kwenye kiti kizuri, akashika kamdomo cha sufi, akakirudisha mezani kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake.

"Sista, hii maneno ya mfuko nimeskia. Harufu nimeskia. Mimi niko na swali moja tu. Nitachuma?"

"Chai?"

"Si ni chai tu. Niko na kitu ingine?"

Alinieleza. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe. Shemeji yake alikuwa amekuja kumwona wodini na ndizi na pole, na kabla ya kuondoka akamwambia asijali, asipoweza kuchuma atachuma yeye.

"Na akianza kuchuma hatanirudishia," alisema. "Nitakuwa mgeni kwa chai yangu mwenyewe. Ati nikae nyumba nikiangalia bibi yake akipita na kikapu. Afadhali hiyo saratani ibaki."

"Haitabaki."

"Basi niambie nitachuma."

Sikujua. Nilimwambia sijui, na nikamwambia asimame.

Anayechuma chai hujifunga karatasi ya nailoni kiunoni kwa kamba, ili umande usimloweshe, na hubeba kikapu mgongoni. Husimama amejisukuma ndani ya mistari ya michai, na vilele vya michai humkwaruza tumboni siku nzima. Nilipandisha kitanda cha uchunguzi hadi usawa wa michai yake. Nilimpa karatasi ya nailoni ya stoo na kamba ya bandeji, nikamwambia ajifunge anavyojifunga kwake. Kikapu cha nguo chafu kiliingia mgongoni. Alianza kuchuma shuka.

"Hii shuka haina majani mawili na kichipukizi," alisema. "Kiwandani wataikataa."

Lakini mikono yake ilikuwa tayari imesahau kwamba iko hospitali. Iliruka, ilichuna, ilirusha nyuma ya bega, na mwili ulifuata. Niliona mahali kamba ilipokata na mahali ukingo wa kitanda uliposugua. Mahali ambapo madaktari hupapenda, chini ya kitovu upande wa kushoto, palikuwa katikati kabisa ya kamba na michai. Kamdomo kikikaa pale, angechuma asubuhi moja tu, mfuko uko chini.

Juu, kushoto kwa kitovu, palikuwa na kipande kidogo cha ngozi ambacho hakikuguswa na kitu chochote. Nilikichora, nikakifunika kwa plasta angavu. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa mgonjwa mwingine, kwa sababu tu sikuamini kalamu mpya tuliyoletewa, ambayo ilikuwa na wino mwepesi. Nilichukua mkono wake wa kushoto, nikalaza vidole vyake vitatu juu ya fundo la kamba, upande ule wa kushoto, vikaishia kwenye alama.

"Shamba lako liko hapa. Vidole vitatu juu ya fundo. Sema."

"Vidole vitatu juu ya fundo."

"Tena."

"Sista, mimi si mtoto wa nasari."

"Tena, mami."

Alisema tena. Nikambandika uji, nikaenda nyumbani nikikohoa. Nilikuwa nimekohoa kwa wiki kadhaa, na nilikuwa na nadharia tatu kuhusu kikohozi hicho, zote si sahihi.

Asubuhi nilikuta kitanda chake kitupu, ameshapelekwa. Dada yake mkubwa alikuwa ameketi pembeni na beseni, sabuni na dodoki, mwenye furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri.

"Nimemwosha kila mahali," aliniambia. "Wauguzi walisema aoshwe. Mlikuwa mmemchorachora, hata plasta mmeweka, lakini nimesugua mpaka ikatoka. Hawezi kuenda mbele ya madaktari na tumbo chafu kama mtu hana kwao."

Aliye hapa Nyeri anaelewa. Kwetu mtu haendi hospitali na ngozi kavu. Anaoshwa, anapakwa mafuta hadi ang'ae, anavaa soksi mpya, ili daktari ajue ana watu. Dada yule alikuwa amempa heshima yote aliyokuwa nayo.

Nyawira alikuwa tayari na simu sikioni. Iliita chumba cha upasuaji, ikaita, haikupokelewa. Aliteremka mwenyewe. Alirudi akasema mlango umefungwa, wameanza.

"Daktari atakiweka wapi kamdomo?" nilimuuliza.

"Atakiweka atakapokiweka."

"Hilo si jibu."

"Ndilo liko."

Kabla Mama Wachira hajatolewa mezani, niliitwa maabara. Kikohozi changu kilikuwa kifua kikuu, cha aina isiyosikia dawa za kawaida. Nilipewa barakoa na kuelekezwa mlango wa nyuma. Wote waliokaa nami chumbani walipimwa, naye pia, wakaonekana salama, na hilo ndilo jambo pekee nililoambiwa kuhusu yeye. Dawa zangu zilikuwa za sindano, kila siku, kwa miezi. Ziliniponya mapafu na kuanza kula masikio. Kwanza palikuwa na mlio, kama birika linalochemka nyumba ya jirani. Kisha sauti za wanawake zikatoweka, halafu za ndege. Daktari aliniuliza kama tuziache dawa. Nilimuuliza ushahidi uko wapi kwamba nitapona bila hizo. Haukuwapo.

Nikiwa kitandani nilimpigia Mama Wachira. Mtu alipokea, nikasikia kitu kama mvua juu ya bati la mbali. Nikamtumia ujumbe: Mami, ni Sista Wairimu, kamdomo kiko wapi, unachuma? Jibu lilikuja kesho yake, bila shaka limeandikwa na mtu mwingine. Tuko salama. Mungu ni mwema.

Nyawira naye alinitembelea, tukaandikiana kwenye simu tukiwa tumekaa sebule moja. Alikuwa likizo wiki ile mgonjwa alipotoka. Alisoma faili. Faili lilisema upande wa kushoto. Tumbo la mtu lina upande wa kushoto mkubwa sana.

Nilirudi kazini, mnakumbuka, nilipokuwa nawafundisha ninyi wawili na kuwaomba mseme kwa sauti. Nilijaribu kusoma midomo, lakini tangu corona mgonjwa anayeogopa hufunika mdomo hata asipoambiwa. Hata hivyo si barakoa iliyonishinda. Kilichonishinda ni mlango. Mgonjwa huuliza maswali ya kawaida akiwa kitini. Swali lake lenyewe huliuliza anapoondoka, ameshika kitasa, amekupa kisogo, kwa sauti ya mtu anayeongea na mbao. Je, mume wangu atalala nami? Je, nikikataa? Nilipogundua kwamba wanasimama mlangoni, mabega yanasogea, kisha wanasubiri, nami sijasikia kwamba kuna lililosemwa, nilikwenda mwenyewe kuliomba lile jopo likutane. Ninyi msifunge mlango upesi. Hilo ndilo fundisho langu lote, na limekuja ukurasa wa mwisho.

Sasa nipo nyumbani. Gatitu bila sauti ni mahali pa ajabu. Watu hufungua midomo wakicheka nje ya duka, na mimi hupita katikati yao kama anayepita mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Mwezi uliopita, siku ambayo sikuwa na kitu cha kufanya, nayo ni siku yoyote, nilikwenda Kerugoya na kupanda kule juu, hadi kwenye kituo cha kununulia majani chai cha upande wao. Nilijiambia naenda kutazama mlima.

Wanawake walikuwa wamepanga foleni kwenye mizani, vikapu vimejaa, nailoni zinang'aa kwa maji. Nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na kibanda cha maandazi. Nilimtafuta kwa muda. Nilikuwa nimeshaanza kujizoeza kukubali kwamba hayupo, kwamba yuko nyumbani anamtazama mke wa shemeji akipita, ndipo mama mmoja mwembamba akageuka kutua kikapu chake, nikaona ni yeye.

Alikuwa amejifunga kamba kiunoni, pale pale alipojifunga chumbani kwangu, wala si chini wala si juu. Kikapu chake kilikuwa kimejaa pomoni.

Aliinua macho akaniona. Najua alinitambua, kwa sababu uso wake ulijifunga, kama wa mama wa nyanya. Kando yake palikuwa na wanawake watano au sita, na nina hakika wao walijua tu kwamba aliwahi kufanyiwa operesheni ya tumbo. Kama ningevuka barabara, mmoja wao angeuliza, huyu ni nani? Naye angejibu nini? Nilibaki pale nilipokuwa. Nilinunua andazi nisilolitaka.

Foleni ikasogea. Alisukuma kikapu kwa mguu, akapangusa mikono kwenye nailoni. Kisha akaweka vidole vitatu juu ya fundo la kamba, upande wa kushoto, kama mtu anayehakikisha halijalegea. Vilikaa hapo kidogo, naye akinitazama. Nilijua basi kwamba mtu alilala mezani bila alama, akiwa ameoshwa hadi kung'aa, na kabla dawa ya usingizi haijamchukua alimshika daktari mkono na kumwonyesha shamba lake liko wapi.

Akageuka kwenye mizani. Alimwambia jirani yake neno, na wanawake wote wakacheka, vichwa nyuma, vinywa wazi. Sikusikia ni neno gani. Nilimaliza andazi nikateremka.